Sikio la Kufa Lililosikia Dawa

Wanangu na wajukuu zangu,

Kuna methali tuliyoirithi sisi watu wa pwani, nanyi mliijua kabla hamjajua kuandika majina yenu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeishi na hao wafanyabiashara Wahindu tuliowaita Mabaniani tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Tumenunua kwao mchele, kanga na mafuta ya taa. Tumekopa kwao, tumeweka rehani kwao, tumeziona taa zao za Diwali zikiwaka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Viatu vyao tumevijua. Kitabu chao hatukukiuliza. Kwa umri huu niliofikia naona si haki niondoke bila kuwaeleza habari za kitabu hicho, kwa kuwa ndani yake mna funzo ambalo kila kijana, wa dini yoyote, analihitaji: funzo la kusikiliza.

Mimi si Mhindu, wala simwiti mtu kwenye Uhindu. Aendaye msikitini na aende, aendaye kanisani na aende. Ninachowausia ni kwamba jirani hujulikana kwa yale anayoyasikiliza anapotaka kumkaribia Mungu wake. Usiyemsikia bado humjui, hata mkigawana ukuta mmoja wa nyumba.

Wahindu wana vitabu vingi. Zipo Veda, za kale kuliko vyote. Ipo Mahabharata, ambayo ndani yake mna Bhagavad Gita, na ipo Ramayana. Kisha zipo Purana, na zilizo kubwa ni 18. Kati ya hizo 18, inayopendwa mno na kusomwa mno mbele za watu ni Bhagavata Purana, ambayo waumini huiita kwa heshima Shrimad Bhagavatam. Ina sehemu 12, sura 335, na kwa hesabu ya mapokeo beti 18,000 za Kisanskriti. Waumini humtaja Vyasa kuwa ndiye mtungaji. Wataalamu wengi wa historia huona kwamba kitabu kilipata umbo lake karibu na karne ya 9 au ya 10, kusini mwa India, ambako washairi wa Kitamil walioitwa Alvar walikuwa wamekwisha kumwimbia Vishnu kwa lugha ya watu wa kawaida.

Habari yake ni Mungu, yaani Vishnu, anayeshuka duniani kwa maumbo mbalimbali kuwaokoa waja wake, hasa kwa umbo la Krishna, na njia inayofundishwa humo ni bhakti, yaani ibada ya mapenzi. Najua wengine wenu mtatishwa na wingi wa majina na maumbo. Basi jueni kwamba mwanzoni kabisa mwa kitabu imeelezwa kuwa Kweli ni moja isiyo na ya pili, na kwamba wenye maarifa huiita kwa majina tofauti. Mkubali au mkatae, lakini mkatae mkijua kilichosemwa.

Simulizi yenyewe inaanza na mfalme aliyekosa adabu. Parikshit, mjukuu wa Arjuna, shujaa wa Mahabharata, alikwenda kuwinda akashikwa na kiu kali. Akafika kwenye maskani ya mcha Mungu mmoja, Shamika, akaomba maji. Mzee yule alikuwa amezama katika kutafakari, hakusikia, hakujibu. Mfalme akaona amedharauliwa. Akaokota nyoka mfu kwa ncha ya upinde wake, akamtundika mzee shingoni, akaenda zake. Mtoto wa mzee, Shringi, alipopata habari akalaani: siku ya saba, Takshaka, mkubwa wa nyoka, atamuuma mfalme afe. Baba alipozinduka alihuzunika, akamkanya mwanawe kwa kutoa adhabu kubwa kwa kosa dogo. Lakini laana ilikuwa imekwisha toka.

Mahabharata inasimulia kwamba Parikshit alijijengea jumba juu ya nguzo moja, akaweka walinzi, akajificha na kifo chake. Bhagavata inasimulia vingine. Humo mfalme alikuwa amekwisha jutia kitendo chake kabla habari haijamfikia, na ilipomfikia aliipokea. Alimwachia mwanawe Janamejaya ufalme, akaenda kuketi ukingoni mwa mto Ganga, hali, hanywi. Wenye elimu na wacha Mungu wakamjia kutoka kila upande, naye akawauliza swali moja: mtu ambaye kifo kimemkaribia asikilize nini, atamke nini, akumbuke nini? Kitabu kizima, sehemu baada ya sehemu, ni jawabu la swali hilo. Aliketi siku saba akisikiliza mpaka saa yake ilipofika.

Wahenga wetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Tunamwambia hivyo mtu aliyekataa maonyo hata yakamfika ya kumfika. Parikshit alikuwa anakufa kweli, siku yake anaijua, na sikio lake likasikia. Wasimulizi wa Kihindu hupenda kuwakumbusha watu kwamba kila mwanadamu hufa katika mojawapo ya siku saba za juma, siku ya nane haipo. Kwa hiyo zile siku saba za mfalme ni zetu sote. Hiyo ndiyo nasaha yangu ya kwanza. Mnaposikiliza neno la maana, la mzazi, la mwalimu, la mgonjwa kitandani, lisikilizeni kama watu waliohesabiwa siku. Simu iwekeni kando. Mtu anayesikiliza huku akidhani kesho ipo daima, neno humpita likaenda kwa mwingine.

Kwa ajili ya zile siku saba za Parikshit, Wahindu mpaka leo hufanya saptaha, yaani usomaji wa Bhagavata kwa siku saba. Familia huiandaa kwa kumkumbuka marehemu wao, au kwa shukrani, au jumuiya nzima huiandaa hekaluni. Siku ya kwanza kitabu hufungwa kwa kitambaa kizuri, mwenyeji akakibeba kichwani, na wanawake wakaandamana wamejitwisha vyungu vya maji vilivyofunikwa kwa nazi. Msimulizi huketi mahali palipoinuliwa, panapoitwa kiti cha Vyasa, kwa maana hapo hasemi kwa nafsi yake. Husoma ubeti wa Kisanskriti kisha akaufafanua kwa Kihindi, Kigujarati au lugha yoyote ya wasikilizaji, na katikati ya maelezo hupigwa harmoniamu na tabla, watu wakaimba. Inapofika habari ya kuzaliwa kwa Krishna, huletwa susu la mtoto, watu wakalibembeza na kugawiana vitu vitamu kana kwamba mtoto amezaliwa nyumbani mwao usiku ule. Mwisho wa yote kila aliyefika hulishwa. Pale Shukratal, kando ya Ganga katika jimbo la Uttar Pradesh, waumini huonyesha mti mkubwa wanaosema ndipo kitabu hiki kiliposimuliwa mara ya kwanza kwa mfalme, na saptaha husomwa hapo mara kwa mara. Husomwa pia katika miji yetu ya Afrika Mashariki, na mara nyingi mlango huwa wazi.

Sasa sikilizeni ni nani aliyemjibu mfalme. Wazee wenye elimu walipokuwa bado wanashauriana, alitokea kijana anayezurura bila makao, hana hata nguo mwilini, watoto wakimfuata nyuma. Alikuwa Shuka, mwana wa Vyasa, na kitabu kinataja umri wake: miaka 16. Wazee wote wakasimama kumpisha. Mfalme akamwinamia, akampa kiti, akamwuliza swali lake. Na yule wa miaka 16 akasema siku saba, na baba yake mzazi akiwa miongoni mwa waliohudhuria.

Nasaha ya pili nawaambia nyinyi vijana, na kupitia kwenu nawaambia wazee wenzangu. Tumezoea kusema kwamba mkubwa hakosei na mdogo hana la kusema. Ndiyo, heshima ni nguzo, wala siivunji. Lakini heshima ile ya ukingoni mwa Ganga ilikwenda kwa neno lenye kweli, na kweli ilikuwa imekaa kinywani mwa kijana. Kijana anayetaka kusikilizwa ajue nini kilimpa Shuka haki hiyo: alikuwa amesikiliza kwanza. Bhagavata aliipokea kwa baba yake kabla hajaisema kwa mfalme.

Na yule Vyasa naye alifundishwa. Kitabu kinasimulia kwamba baada ya kuzipanga Veda na kutunga Mahabharata, aliketi kando ya mto Sarasvati moyo wake umepooza, hajui kimepungua nini. Akamjia mcha Mungu Narada, akamweleza kwamba ameandika juu ya kila jambo la wajibu na faida, ila Mungu hajamwimbia kwa mapenzi. Kisha Narada akamsimulia habari zake mwenyewe za maisha yaliyopita. Alikuwa mtoto wa mtumishi wa kike. Msimu mmoja wa mvua walifika wacha Mungu waliokatiza safari, na yeye, mtoto mdogo, akapewa kazi ya kuwahudumia. Wao walizungumza na kuimba kila siku. Yeye alihudumu na kusikia. Kutoka kwenye kusikia huko akawa Narada, anayemfundisha mpangaji wa Veda. Wanangu, wapo kati yenu wanaotumikia nyumba za watu, wanaouza maji vituoni, wanaofagia ofisi ambazo hawawezi kuajiriwa humo. Kazi ya mikono haizibi masikio. Maneno mazuri yakisemwa mbele yako, ni yako pia.

Nasaha ya tatu nitaitoa kwa kisa cha Prahlada, kwa sababu naye ni mtoto wa shule. Baba yake, Hiranyakashipu, alikuwa mfalme aliyemchukia Vishnu na kutaka aabudiwe yeye. Akampeleka mwanawe kwa walimu wawili wamfunze siasa na utawala. Siku moja akampakata, akamwuliza jambo gani bora kabisa alilojifunza. Mtoto akamtajia njia tisa za kumpenda Mungu: kusikia habari zake, kuimba sifa zake, kumkumbuka, kuhudumia miguu yake, kumtolea ibada, kumsujudia, kuwa mtumishi wake, kuwa rafiki yake, na kujikabidhi kwake mzima. Orodha hiyo Wahindu wanaipenda na kuihifadhi kwa moyo, na tazameni iliyotangulia. Kusikia kumetangulia hata kuimba, hata kusujudu.

Walimu wakashutumiwa, mtoto akateswa: akatupwa kutoka mlimani, akatiwa sumu, akawekwa mbele ya ndovu na nyoka. Na Prahlada, walimu wanapotoka darasani, alikuwa akiwakusanya wenzake na kuwaambia wasingoje uzee ndipo waanze kumtafuta Mungu, waanze wakiwa watoto, kwa kuwa maisha haya ya mwanadamu ni adimu na hayana dhamana. Wakamwuliza amejuaje mambo hayo na yeye hajatoka nje ya jumba la mfalme. Akawajibu kwamba Narada alimfundisha mama yake akiwa mjamzito, na yeye aliyasikia tumboni. Mwisho wake Mungu alitokea ndani ya nguzo, nusu mtu nusu simba, akamwua yule mfalme jioni, juu ya kizingiti, kwa kucha, kwa sababu alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa mchana wala usiku, ndani wala nje, na mtu wala mnyama, wala kwa silaha. Moto wa Holika unaowashwa usiku wa kuamkia sikukuu ya Holi unahusishwa na mateso ya mtoto huyo.

Mimi nasema na akina mama na akina baba watarajiwa katika kisa hiki: mtoto anaanza kusikia mapema kuliko mnavyodhani. Matusi ya nyumbani anayasikia, na dua pia anaisikia. Nanyi vijana, mkizungukwa na wenye nguvu wanaosema jambo ambalo dhamiri yenu inalikataa, mkumbukeni mtoto huyu ambaye hakumtukana baba yake hata mara moja, wala hakusema uongo ili kumridhisha. Na baba alipokwisha kufa, Prahlada alipewa nafasi ya kuomba. Akaomba baba yake asamehewe.

Mwingine ni Dhruva, mtoto wa miaka mitano. Alitaka kupanda mapajani kwa baba yake mfalme Uttanapada, mama wa kambo akamzuia kwa maneno ya kukata: ungetaka kukaa hapo ungezaliwa tumboni mwangu. Mama yake mzazi, Suniti, hakumchochea. Alimwambia asimtakie mtu ubaya, aende kwa Mungu. Mtoto akaenda msituni, Narada akamfundisha dhikri ya silabi kumi na mbili ambayo Wahindu wanaitamka hadi leo, akaifanya kwa miezi sita hadi Mungu akamtokea na kumpa cheo kisichotikisika angani. Ile nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake, Wahindi huiita kwa jina la Dhruva.

Wengi hukomea hapo wanaposimulia. Mimi napenda kilichofuata. Dhruva alipokuwa mfalme, ndugu yake, mtoto wa yule mama wa kambo, aliuawa mawindoni na mmoja wa Wayaksha, viumbe wasio wanadamu. Dhruva akapanda gari la vita akaenda kuwaua Wayaksha wengi ambao hawakuhusika. Babu yake Manu akamjia palepale vitani, akamwambia aache. Kwa kosa la mmoja umewaua wengi. Dhruva alikuwa na nguvu za kumaliza kazi, alikuwa na hasira, na alikuwa na sababu ambayo watu wangeikubali. Akamsikiliza babu yake. Akaweka silaha chini. Wanangu, sikio hupimwa wakati wa hasira. Tumeona katika nchi zetu jinsi kabila zima, dini nzima, mtaa mzima unavyobebeshwa kosa la mtu mmoja, na jinsi vijana wanavyotumwa kulipiza. Siku mtakapotumwa hivyo, awepo wa kuwazuia, nanyi muwe na sikio la kumsikia.

Huenda mmoja wenu akasema: mzee, kumbe unatufundisha kumeza kila tunachoambiwa. Hapana. Sehemu ya 10 ya kitabu hiki, iliyo ndefu kuliko zote, inasimulia maisha ya Krishna: kuzaliwa kwake gerezani Mathura, kuvushwa mto Yamuna usiku, kulelewa na wachungaji wa ng'ombe, mama mlezi Yashoda akitaka kumfunga kwa kamba na kila kamba ikipungua vidole viwili. Ndani yake mna sura tano za ngoma ya usiku, ambamo wanawake wa kijiji wanayaacha majumba yao wanaposikia filimbi yake. Sura hizo zimewatia watu maneno kwa karne nyingi, na wengi wa nje wamezitumia kuwakejeli Wahindu. Basi aliyeuliza swali hilo mapema kuliko wote ni Parikshit mwenyewe, humohumo kitabuni: vipi aliyekuja kuisimamisha haki aguse wake za watu? Shuka hakumkasirikia. Alimjibu kwamba Bwana anayekaa ndani ya wanawake wale na ndani ya waume zao hapimwi kama mtu mwingine, na akaonya kwamba yeyote asiye Bwana asithubutu kuiga hata kwa kuwaza. Wafafanuzi wakubwa, kuanzia Shridhara Svami hadi Vallabha na Jiva Gosvami, wameshughulika sana na sura hizo, wakieleza kwamba ni habari ya roho inayomtamani Mola wake.

Msikilizaji mzuri, basi, ni yule anayeuliza swali gumu akiwa ameketi, kwa adabu, akangoja jawabu hadi mwisho. Mwenye kuuliza huku amekwisha simama kuondoka anatafuta ushindi. Mkiwa na shaka juu ya imani ya jirani, mwulizeni yeye kabla hamjawauliza wanaomchukia.

Na kusikia kuna deni lake. Katika sehemu ya 3, Kapila anamwambia mama yake Devahuti kwamba anayeiabudu sanamu huku akiwadharau viumbe, ambao Mungu anakaa ndani yao, ibada yake ni kama sadaka iliyomwagwa majivuni. Katika sehemu ya 9 yupo mfalme Rantideva, aliyekaa na familia yake siku 48 bila chakula wala maji. Siku chakula kilipopatikana, akaja mgeni Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, akamgawia. Akaja mtu wa tabaka la chini, akamgawia. Akaja mwenye mbwa wenye njaa, akampa kilichobaki. Yakabaki maji ya mtu mmoja; akaja mtu wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote, anaomba maji. Rantideva akampa, akasema hataki uwezo wa ajabu wala kuokoka peke yake, anataka kukaa ndani ya viumbe wote ayabebe maumivu yao. Kumbukeni kwamba hayo yameandikwa katika nchi yenye mgawanyo mkali wa matabaka. Kitabu kilisema hivyo, na watu waliokisikia vizuri walitenda hivyo. Eknath wa Paithan, aliyeifafanua sehemu ya 11 kwa Kimarathi na kuimaliza Varanasi mwaka 1573, husimuliwa kwamba alikuwa amebeba maji ya Ganga safari ya mbali kuyapeleka hekaluni Rameshwaram, akamkuta punda anakufa kwa kiu, akamnywesha maji yote.

Utangulizi mmoja unaosomwa pamoja na Bhagavata unaisimulia bhakti kama mwanamke: alizaliwa nchi ya Watamil, akakulia Karnataka, akaheshimiwa huku na kule Maharashtra, akazeeka Gujarat, na alipofika Vrindavan akarudia ujana. Safari hiyo ndiyo iliyoipa ibada hii sura nyingi. Assam, katika karne ya 15 na 16, Sankardev aliitia Bhagavata katika Kiassam, akaanzisha nyumba za kusalia ambamo kitabu kinawekwa mahali pa sanamu, na akawapokea watu wa matabaka na makabila yaliyosukumwa kando; kisiwa cha Majuli katika mto Brahmaputra bado kina vituo vya mapokeo hayo. Kerala, Narayana Bhattathiri, akiwa mgonjwa, aliifupisha Bhagavata kwa beti 1,036 katika hekalu la Guruvayur. Wafuasi wa Vallabha wanamhudumia Krishna kama mtoto wa nyumbani: wanamwamsha, wanamvika, wanamlisha, wanamlaza, na siku ya kufuatia Diwali wanampangia mlima wa vyakula. Na mwaka 1965 mzee wa karibu miaka 69, Bhaktivedanta Swami, alipanda meli ya mizigo Jaladuta kutoka Kolkata hadi New York, amechukua makasha ya tafsiri yake ya sehemu ya kwanza. Mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya Hare Krishna, ambayo leo iko hata kwetu. Tabia za ibada zimetofautiana, kitabu ni kilekile.

Nasi tunahusika. Wabhatia wa Kutch, waliofanya biashara Muscat na Zanzibar, walikuwa wafuasi wa Vallabha, na nyumba ya Jairam Shivji iliyosimamia forodha ya Sultani kwa miaka mingi katika karne ya 19 ilikuwa ya Wabhatia hao. Wafuasi wa Swaminarayan, wenye mahekalu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wana Shikshapatri yao ya mwaka 1826 inayoitaja Bhagavata miongoni mwa vitabu vinane vya kuheshimiwa. Na mji wa Porbandar katika pwani ya Gujarat, ambako Gandhi alizaliwa mwaka 1869, unaitwa pia mji wa Sudama, na una hekalu la jina lake.

Sudama ni Brahmani maskini aliyesoma na Krishna utotoni. Mkewe, kwa njaa, akamwomba aende Dwarka kwa rafiki yake aliyekuwa mfalme, akamfungia ngumi nne za mchele wa kupondwa alioomba kwa majirani. Krishna akamkimbilia, akamkumbatia, akamwosha miguu. Sudama akaona haya, akaficha kifurushi chake. Krishna akakinyakua, akala, akasifu. Sudama akarudi kwake hajaomba kitu, moyo umeridhika kwamba amepokewa, akakuta kibanda chake kimekuwa jumba. Rafiki alisikia lisilosemwa. Hiyo ndiyo daraja ya juu ya kusikiliza, na kila mmoja wenu ana rafiki ambaye hatasema shida yake.

Basi nawausia hivi. Jirani au mwanafunzi mwenzako wa Kihindu akikualika kwenye saptaha au Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, nenda. Vua viatu, nawa, keti chini wanapoketi. Usikiweke kitabu chao sakafuni wala usikinyooshee miguu. Wakikupa kilichotolewa sadaka, pokea kwa mkono wa kulia ikiwa imani yako inakuruhusu. Ikiwa haikuruhusu, kataa kwa upole, nao watakuelewa. Mwulize mzee wao kisa kimoja tu, Dhruva au Rantideva, umwache amalize. Ukirudi nyumbani usome kitabu cha dini yako uone kama hakikuanza nacho kwa kukutaka usikie. Kisha njoo unisimulie ulichokipata, maana Parikshit alikuwa mzee kuliko Shuka, na sisi wazee tuna haja ya kuambiwa.

Mwenyezi Mungu awape masikio yenye haya na ndimi zenye ukweli, na majirani wenu wawajueni kwa wema.